MWAKA WA KABLA YA MWISHO
Hotuba ya walimu wa sekondari kwa wanafunzi na wazazi, Siku ya Wakimbizi Duniani



Kwa niaba ya walimu wenzetu tunaishukuru Kamati kwa kutukumbuka katika siku hii. Tumepewa dakika ishirini, na tunaona Mwenyekiti ameshaitazama saa yake mara mbili, kwa hiyo salamu nyingine tutazimalizia nje. Waliotutangulia wamesema juu ya maji, kuni na chakula, na wamesema vizuri. Sisi tumeombwa tuseme juu ya elimu. Elimu ni pana, na tukitaka kuisema yote tutalala hapa. Tumechagua darasa moja tu, nalo ni mwaka wa pili wa sekondari ya juu, yaani mwaka wa kabla ya mwisho.

Kwa nini darasa hilo? Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anajulikana na kila mtu. Ana mtihani. Mama yake anamwombea, mdogo wake anamchotea maji ili yeye asome. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza naye bado ni mgeni, walimu wanamwangalia. Huyu wa katikati hana mtihani na hana anayemwuliza. Mwaka wake unapita kama mtu anayepumzika kivulini njiani. Kisha anafika mwaka wa mwisho, anagundua kwamba jina lake limeandikwa vibaya, Kifaransa chake hakitoshi, na mchepuo aliomo hauendi kule anakotaka kwenda. Wakati huo miezi iliyobaki ni ya kusoma tu, si ya kutengeneza mambo hayo.

Wazazi mliosoma zamani mtatuvumilia tueleze kidogo. Enzi zenu kwetu Burundi mtoto alimaliza darasa la sita, akaingia sekondari, akafanya mtihani wa darasa la kumi, ndipo akagawiwa mchepuo. Tangu mageuzi ya 2013 shule ya msingi imekuwa ya miaka 9, na baada yake, kwa anayefuata masomo ya jumla, kuna miaka 3 ya sekondari ya juu, inayoishia kwenye Mtihani wa Taifa. Bila kufaulu mtihani huo mlango wa chuo kikuu haufunguki. Kwa hiyo tunaposema mwaka wa pili tunasema juu ya kijana aliye mwaka mmoja kabla ya mlango. Tunawasema pia wale ambao masomo yao yamekatika katikati ya mwaka huo, na wale watakaouanza Septemba, iwe huku au kule nyumbani.

Sasa tuwapeleke Nyanza-Lac, maana wengi wetu hapa ni watu wa ufuko ule, na yaliyotokea kule ni somo ambalo hatuhitaji kulisoma kitabuni.

Mnajua kwamba maafa ya 1972 yalianza tarehe 29 Aprili katika ukanda huo huo wa Rumonge na Nyanza-Lac. Wazazi na babu zetu walikimbia, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi wakifuata ufuko hadi Kigoma. Tanzania iliwapokea, ikawapa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakalima, wakajenga, wakazaa. Watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania, msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilikubaliana kwamba watu wa makazi hayo wachague, kuomba uraia au kurudi. Zaidi ya 160,000 waliupata uraia wa Tanzania. Zaidi ya 50,000 walirudi Burundi, wengi wao mnamo 2008 na 2009, na sehemu kubwa walielekea kusini.

Sisi wakati huo tulikuwa wanafunzi wa sekondari Nyanza-Lac. Tuliwaona wakishuka kwenye malori na mabati yao na majembe yao. Juu ya mashamba yaliyogombaniwa mmesikia mengi, hatutarudia. Juu ya vijana waliokuwa katikati ya sekondari husikia machache, na wale ndio tuliokaa nao dawati moja.

Alikuwapo msichana mmoja aliyetoka Mishamo. Alikuwa amemaliza kidato cha tatu, yaani alikuwa hasa kwenye mwaka wa kabla ya mwisho. Hesabu alitushinda sote. Akiitwa ubaoni alimaliza kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Lakini mwalimu akimwuliza kwa Kifaransa kwa nini amefanya hivyo, alinyamaza. Karatasi zake za matokeo zilikuwa hazina mhuri, kwa sababu hakuna aliyemwambia aombe mhuri kabla ya kuondoka. Akarudishwa madarasa mawili nyuma, akakaa na watoto wa umri wa mdogo wake. Muhula wa pili haukuisha, akaacha. Baadaye tulimkuta ufukoni akiuza ndagala. Tulinunua kwake. Wateja wanne walimzunguka, kila mmoja na bei yake na vipimo vyake, naye aliwarudishia chenji wote bila kuandika popote.

Alikuwapo pia kijana kutoka Ulyankulu. Huyu hakuwa na akili kuliko yule msichana, tunasema kweli. Lakini kule makazini alikuwa na jirani, mzee aliyesoma kwa Kifaransa kabla ya 1972, na tangu aliposikia habari za kurudi alikwenda kwa mzee huyo jioni, akajifunza. Alikuja na daftari mbili zilizojaa vitenzi. Na kila muhula alikuwa amempelekea mkuu wa shule karatasi yake igongwe mhuri. Alirudishwa darasa moja tu. Alimaliza. Tulipokimbia sisi mwaka 2015 alikuwa muuguzi.

Tumewaza sana juu ya hao wawili. Wote waliondoka Tanzania kwa lori la aina moja, kwa uamuzi ule ule wa wazazi. Yule msichana hakushindwa na masomo. Alikosa mtu wa kumwambia mambo mawili madogo mwaka mmoja mapema. Nasi tulikuwa pale, tulimcheka alivyotamka Kifaransa, na hilo tunalisema mbele yenu kwa aibu.

Kisha ikawa zamu yetu. Aprili 2015 mambo yalipoharibika, watu wa Nyanza-Lac walishuka kusini hadi Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na maji, mkakumbuka jinsi tulivyojazana pale kwa makumi ya maelfu, kipindupindu kikaingia, hadi meli kuukuu ya Liemba ikawa inatuchukua kutupeleka Kigoma. Mmoja wetu alikuwa ametoka chuo cha ualimu miaka michache kabla. Mama yake alichukua kidumu cha mawese, akakikata mdomo, akakiosha kwa majivu, akaweka ndani cheti cha ualimu na karatasi zote za shule, akafunika kwa nailoni. Kidumu hicho kilikaa juu ya kichwa cha mama siku zote za Kagunga. Mwingine kati yetu, aliyesoma chuo hicho hicho na kupata alama nzuri zaidi, aliacha vyeti vyake juu ya kabati akidhani atarudi baada ya wiki mbili. Alipofika kambini aliandikishwa kama mtu asiye na ujuzi. Ilichukua muda mrefu kabla ya kusimama tena mbele ya darasa. Karatasi za yule wa kidumu hadi leo zinanuka mawese kidogo.

Tangu Septemba 2017 misafara ya kurudi Burundi imekuwa ikiondoka mkoani Kigoma. Wengine wamekwenda kwa moyo mweupe, wengine kwa wasiwasi, na leo si siku ya kulijadili hilo. Tunachosema sisi walimu ni kwamba lori haliulizi mwanafunzi yuko darasa la ngapi. Likiondoka Februari linamkatia mwaka. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili ajiandae kana kwamba atamalizia masomo yake mahali ambapo hajapajua bado.

Mzee mmoja alitusimamisha njiani tulipokuwa tunaandaa hotuba hii akatuuliza: "Mnawafundisha watoto kupanga nini, na ninyi wenyewe hamjui mwakani mtalala wapi?" Swali lake ni la haki na tulikaa nalo usiku. Jibu letu ni hili. Mtu aliye kwake, mwenye shamba na ukoo, akipoteza mwaka mmoja anaweza kuurudia. Baba yake atauza mbuzi. Sisi tukipoteza mwaka hatuna mbuzi. Ndiyo maana tunapanga.

Tuanze na karatasi. Tumewahi kuona karatasi tatu za mwanafunzi mmoja zenye majina matatu. Kwenye ya shule jina la Kirundi limetangulia, kwenye ya uandikishaji limetangulia la ubatizo, na kwenye cheti cha kuzaliwa herufi r imekuwa l, kwa sababu aliyeandika aliandika alivyosikia. Tarehe za kuzaliwa ndizo kichekesho. Ukisoma orodha zetu utadhani vijiji vizima vilizaliwa tarehe 1 Januari. Ofisini si kichekesho. Ofisi ya mitihani ikiona majina mawili inahesabu watu wawili. Makosa hayo yanarekebishika, lakini kwa kwenda na kurudi, kwa kusubiri, kwa kuleta mashahidi. Mwaka wa pili una nafasi ya kusubiri. Mwaka wa mwisho hauna.

Kuna jambo jingine la karatasi ambalo wengi hawajalisikia. Nyanza-Lac tuliyoiacha ilikuwa komini ya Mkoa wa Makamba. Rumonge ilikuwa Bururi, kisha mwaka 2015 ikawa mkoa wenyewe. Sheria ya 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na mgawanyo huo ulipoanza kutumika mwaka 2025, Nyanza-Lac na Rumonge zote ziliingia Mkoa mpya wa Burunga. Kwa hiyo cheti cha mtoto kinaweza kutaja mkoa ambao hauko tena kwenye ramani. Msikitupe wala msikifute. Mnapojaza fomu mpya andikeni mahali pa kuzaliwa kama kilivyo kwenye cheti, na pembeni mtaje jina la sasa la mkoa. Mtoto ajue yote mawili kwa kichwa, maana atakayemwuliza huenda ni kijana asiyeikumbuka Makamba ya zamani.

Aliyesoma mtaala wa nchi moja na anataka kuendelea katika nchi nyingine atahitaji karatasi yake ilinganishwe. Burundi kuna tume ya kulinganisha vyeti chini ya wizara ya elimu. Tanzania, kwa vyeti vya sekondari vya nje, kazi hiyo ni ya Baraza la Mitihani, NECTA. Popote watataka karatasi ya asili, yenye mhuri, na mara nyingi matokeo ya kila mwaka, si ya mwaka wa mwisho peke yake. Hapo ndipo yule msichana wa Mishamo alipokwama.

Lugha sasa. Hapa tutasema wazi hata kama baadhi ya wazazi watakunja uso. Tunasikia ikisemwa kwamba Kifaransa kimepitwa na wakati na mtoto ajifunze Kiingereza tu. Kiingereza ni kizuri, nacho tangu 2014 ni lugha rasmi Burundi pia. Lakini Mtihani wa Taifa bado unamngoja mtoto kwa Kifaransa, na mhadhiri wa Bujumbura atamfundisha kwa Kifaransa. Anayetaka kusoma Burundi bila Kifaransa ni kama anayekwenda kuvua dagaa usiku bila taa. Upande mwingine tunawaambia vijana wanaokionea haya Kiswahili chao cha kambini: acheni. Sokoni Rumonge na Nyanza-Lac Kiswahili kimesemwa tangu zamani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Mtoto wa Burundi anayeandika Kiswahili sanifu, siyo kukisema tu, ana kitu ambacho wenzake wengi waliobaki nyumbani hawana. Mwaka wa pili achague mzee wake wa Kifaransa kama yule kijana wa Ulyankulu. Wazee hao wapo hapa kambini, tunawaona wakicheza bao mchana kutwa.

Tuje kwenye kazi. Tuliwahi kuwaambia wanafunzi wa darasa moja waandike kwenye kipande cha karatasi kazi wanayoitaka. Karibu wote waliandika daktari. Wachache waliandika rubani. Kadhaa waliandika "UNHCR", na wageni wetu mnacheka, lakini kwa mtoto aliyekulia hapa hiyo ndiyo kazi aliyoiona ikiwa na gari. Mmoja aliandika "nchi ya tatu". Hatukumcheka huyo. Tulimwita tukamwuliza atafanya nini huko nchi ya tatu, akasema hajafikiria, atafikiria akifika.

Hatumzuii mtoto kuwa daktari. Tunasema aangalie kwanza kama mchepuo wake unampeleka huko, maana aliye kwenye lugha hataingizwa kwenye udaktari kwa maombi. Hilo tunalijua kwa miili yetu. Mmoja wetu alitaka kuwa mpimaji wa ardhi, akaingia mchepuo wa ualimu kwa sababu rafiki zake walikuwa huko, akagundua mwaka wa mwisho kwamba ameshaufunga mlango mwenyewe. Leo anaupenda ualimu, na posho yake mnaijua, lakini hakuuchagua. Mwaka wa pili ukikuta umekosea bado unaweza kuuliza kama kuhama kunawezekana, hata kwa kurudia mwaka. Baadaye ni kujuta tu.

Na tunawaomba vijana watazame ufuko wenyewe. Wengi wanasema, tukishindwa shule tutavua. Ziwa hilo hilo la Tanganyika limechoka. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Mvuvi asiye na kitu kingine alikaa miezi mitatu akitazama maji. Lakini ziwa hilo linahitaji mtu wa kutengeneza mashine za boti, mtu wa kutengeneza majokofu, mtu anayejua ndagala na mukeke wanavyozaana na wanavyokaushwa wasioze, mtu wa kukamua mawese yakawa safi kuliko yale ya kienyeji. Maji yalipopanda miaka ya karibuni yakaingia kwenye nyumba za ufukoni, Rumonge nako kukaonja, na hapo wanahitajika wajenzi na wapimaji. Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi kule Musongati kwa reli itakayotoka Uvinza. Hatuahidi mtu ajira ya reli, tumeshaahidiwa mengi maishani. Tunasema tu kwamba anayesoma ufundi wa umeme au ujenzi hasomi kitu cha bure. Burundi kuna sekondari za ufundi na shule za kilimo. Chuo kikuu cha taifa kina kitivo cha kilimo. Walimu wa sekondari hufundishwa Chuo cha Juu cha Ualimu, Bujumbura. Mzazi anayedhani ufundi ni wa walioshindwa aende siku moja kwa fundi wa mashine za boti aulize bei. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda alilipwa.

Fedha tutaisema kwa ufupi, kwa kuwa hatuna. Tangu 2018 fedha ya kujikimu anayopewa mwanafunzi wa chuo kikuu cha serikali Burundi imekuwa mkopo, itarudishwa. Mzazi alijue hilo mapema. Kwa wakimbizi kuna ufadhili unaoitwa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR. Husaidia wakimbizi kusoma shahada ya kwanza, na mahali pengine hata waliorejea kwao. Nafasi ni chache na kila nchi ina utaratibu wake. UNHCR ilieleza kwamba mwaka 2023 asilimia 7 ya vijana wakimbizi duniani walikuwa katika elimu ya juu, na lengo ni 15 ifikapo 2030. Wanafunzi, msiisome hesabu hiyo kwa kukata tamaa. Wanaochaguliwa ni wale ambao siku tangazo linapobandikwa karatasi zao ziko tayari, na tangazo halikai ukutani muda mrefu.

Sasa akina baba na akina mama, neno moja juu ya mabinti. Msichana wa mwaka wa pili mara nyingi ana miaka 17 au 18. Hapo ndipo wajumbe wa posa wanapoanza kupita, na habari za safari zikisikika wanazidi, kwa sababu wazazi wanasema ni afadhali aende akiwa na mume. Tunaelewa hofu hiyo. Wengi wetu tuna mabinti. Lakini tumehesabu katika madarasa yetu wenyewe, na kila mwaka viti vinavyobaki wazi kati ya mwaka wa pili na wa tatu ni vya wasichana kuliko vya wavulana. Mwambieni mwenye posa asubiri miezi ishirini. Kama anampenda kweli atasubiri. Asiyeweza kusubiri miezi ishirini mtafanya naye nini miaka arobaini?

Ndugu zetu wa mashirika, ombi letu kwenu halihitaji jengo. Mnapoandika familia kwa ajili ya msafara, ulizeni kama ndani yake kuna mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, na ikiwezekana familia hiyo iondoke mwaka wa masomo ukiisha, si katikati. Kabla hajapanda lori, apewe karatasi ya matokeo yake ya kila mwaka, yenye mhuri, na nakala ibaki mahali salama. Mashine ya fotokopi iliyo ofisini kwenu ifunguliwe kwa shule siku moja kwa wiki. Tunajua kila jambo lina idhini yake na wakubwa wake. Tulipoomba mara ya kwanza tuliambiwa tuandike barua. Tuliandika. Leo tunaomba kwa mdomo mbele ya watu ili barua ile ipate mwenzake.

Na Kamati, tunaomba yule mzee wa bao na wenzake waandikwe kama walimu wa Kifaransa wa jioni, hata kama malipo yao ni sukari.

Jumamosi hii, kuanzia saa tatu asubuhi, tutakuwa katika darasa la mwisho karibu na bomba la maji. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili aje na mzazi mmoja au mlezi, alete karatasi zake zote, hata zilizochanika, hata zilizolowa. Tutakaa naye tuzipange kwa miaka, tuone jina liko vipi, mhuri upo wapi na haupo wapi, na mchepuo wake unaelekea wapi. Aliyeacha shule katikati aje vilevile. Na yule asiye na karatasi hata moja naye aje. Kwake tutaanza kwa kuandika jina lake kama mama yake anavyolitamka.